Ganzi ya bibi si uzee tu, tazama na unga anaokula

Wengi wanaosoma ukurasa huu wanalea pande mbili. Upande mmoja kuna mtoto anayehitaji ada, madaftari na viatu. Upande wa pili kuna mama au baba aliyevuka miaka 60, yuko kijijini au amehamia kwenu mjini.

Ya mtoto tunayajua kwa moyo. Kadi ya kliniki ipo kwenye droo, tarehe za chanjo tunazikumbuka, na matone ya vitamini A na dawa ya minyoo tunaambiwa na mhudumu wa afya wa mtaani hata kama tumesahau. Kwa mzee tunatuma hela mwisho wa mwezi, tunapiga simu, tunauliza kama amekula. Akijibu amekula, tunashukuru Mungu na kukata simu. Ni wachache wanaouliza swali la pili: amekula nini?

Wiki hii nataka tukae kwenye swali hilo la pili, kwa sababu ya kirutubishi kimoja kidogo kinachoitwa vitamini B12. Upungufu wake unaweza kumwangusha mzee polepole kwa miaka, na nyumba nzima ikadhani ni umri.

Dalili tunazoziita uzee

Mzee anaanza kulalamika kwamba miguu inakufa ganzi, au inachomachoma kama anatembewa na sisimizi. Akiamka usiku kwenda msalani anayumba na kushika ukuta. Anachoka kwa kazi ndogo, anahema akipanda kilima alichokuwa akikipanda bila shida. Ulimi unamuuma, umekuwa mwekundu na laini, chakula hakina ladha. Anarudia swali lile lile mara tatu kwa saa moja. Wengine wanakuwa wakali au wapweke bila sababu inayoonekana.

Nyumbani majibu huwa mawili. La kwanza ni kwamba huo ni uzee, tumwache apumzike. La pili ni kwamba kuna mtu ana mkono wake hapo. Majibu yote mawili yana madhara yale yale: mzee hapelekwi hospitali.

Tuelewane. Dalili hizi zina sababu nyingi. Kisukari huleta ganzi, pombe huleta ganzi, kiharusi huathiri kumbukumbu, na upungufu wa damu unaweza kutokana na minyoo, malaria au kidonda kinachovuja damu tumboni. Sisemi kila bibi anayesahau ana upungufu wa B12. Ninachosema ni kwamba hii ni mojawapo ya sababu ambazo zinatibika, na matibabu yake hayahitaji upasuaji wala mashine kubwa. Yakianza mapema, mishipa ya fahamu hupata nafasi ya kupona. Yakichelewa, ganzi na kuyumba vinaweza kubaki hata baada ya damu kurudi sawa. Kwa hiyo muda una thamani hapa.

Hadi takriban miaka 100 iliyopita, aina moja kali ya ugonjwa huu ilikuwa sawa na hukumu ya kifo. Mwaka 1926 madaktari wawili wa Boston, Marekani, George Minot na William Murphy, walitangaza kwamba wagonjwa waliolishwa maini kwa wingi kila siku walikuwa wakipata nafuu. Pamoja na mwenzao George Whipple walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1934. Kilichokuwemo ndani ya maini kilikuja kutengwa mwaka 1948, na ndicho tunachokiita vitamini B12.

Tumbo la mzee limebadilika

Mwili hutumia B12 kutengeneza chembe nyekundu za damu na kutunza utando unaofunika mishipa ya fahamu. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku. Ni kiasi kidogo mno, huwezi kukiona kwa macho. Lakini safari yake kutoka kwenye sahani hadi kwenye damu ni ndefu.

Katika nyama, samaki, mayai na maziwa, B12 imeshikamana na protini. Asidi ya tumbo ndiyo inayoitenganisha. Baada ya hapo hushikwa na kitu maalumu kinachotengenezwa na kuta za tumbo, ndipo inaponyonywa mwishoni mwa utumbo mwembamba. Watu wengi wanapozeeka, kuta za tumbo huchakaa na asidi hupungua. Mzee anaweza kula kipande kile kile cha nyama anachokula mjukuu wake, mjukuu akanufaika na yeye B12 ikapita tu.

Jambo la pili ni kwamba ini huhifadhi akiba ya B12 inayoweza kutosha miaka kadhaa. Ndiyo maana tatizo halijitokezi wiki ile mzee alipoacha kula nyama. Linakuja miaka mitatu au minne baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka chakula kilibadilika lini.

Na chakula cha mzee hubadilika kwa sababu nyingi ndogo. Meno yametoka, nyama haitafuniki. Amebaki peke yake, haoni sababu ya kupika mboga mbili. Ameambiwa ana presha, basi nyumba nzima imemkataza nyama, mayai na hata dagaa, wakati alichoambiwa apunguze ni chumvi na mafuta. Akipata samaki, kipande kikubwa anampa mjukuu. Mwishowe siku yake inakuwa chai ya rangi asubuhi, ugali na mchicha mchana, uji jioni.

Vyakula vizuri visivyo na B12

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea kwa nia njema. B12 inatoka kwenye vyakula vya wanyama. Mchicha, matembele na kisamvu vina faida kubwa, lakini havina B12. Maharage hayana. Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi na virutubishi vingine, lakini B12 haimo. Juisi ya rozela na bitiruti, tunazowapa watu ili waongeze damu, nazo hazina.

Unga wa lishe nao utazame vizuri. Kile kiroba cha mahindi, soya, karanga, mtama na ulezi tunachomnunulia mzee aliyedhoofika kina nguvu na protini. Lakini kama hakikuongezwa kirutubishi hicho au unga wa dagaa, B12 yake ni sifuri. Uji huo upikwe na maziwa, si maji matupu, hapo umeanza kumsaidia.

Vyanzo vyenyewe si vya anasa. Kikombe cha maziwa kina kiasi cha mikrogramu moja na zaidi kidogo, yai moja takriban nusu mikrogramu. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zina zaidi ya mikrogramu 50, ndiyo maana maini mara moja kwa wiki yanatosha. Tena yasizidi sana, kwa sababu yana vitamini A nyingi, na mwenye gauti aongee kwanza na daktari. Dagaa wanaoliwa wazima ni miongoni mwa vyanzo vizuri na rahisi kupatikana. Kwa asiye na meno wasagwe, wachanganywe kwenye mchuzi au uji. Dagaa waliotiwa chumvi nyingi waoshwe vizuri, hasa kwa mwenye presha.

Kagua na mfuko wa dawa

Mzee mwenye kisukari mara nyingi anatumia metformin. Ni dawa nzuri, imesaidia mamilioni ya watu, lakini ikitumika kwa miaka mingi inaweza kupunguza unyonywaji wa B12. Hali inachanganya kwa sababu kisukari chenyewe huleta ganzi ya miguu, kwa hiyo ganzi mpya hupewa jina la kisukari na upungufu haupimwi. Dawa za kupunguza asidi kama omeprazole, ambazo watu hununua dukani na kumeza kwa miezi kwa ajili ya vidonda vya tumbo, nazo zinaweza kuleta tatizo hilo hilo.

Usimwachishe mzee dawa kwa sababu ya makala hii. Kinachotakiwa ni kumkumbusha daktari: mzee anatumia dawa hii mwaka wa ngapi, na je, B12 yake imewahi kuangaliwa?

Kuna na jambo la vidonge vya FEFO. Mkwe au binti akitoka kliniki ya wajawazito na vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki, na bibi naye amepauka, nyumba nyingi hugawana. Asidi ya foliki inaweza kurekebisha damu ya mtu mwenye upungufu wa B12. Kipimo cha wingi wa damu kitapanda, familia itafurahi, lakini mishipa ya fahamu itaendelea kuharibika kimyakimya. Madaktari waliliona hili tangu miaka ya 1940, walipowapa wagonjwa wa aina hiyo asidi ya foliki peke yake. Zaidi ya hapo, vidonge vile ni vya mama mjamzito, na mtoto aliye tumboni anavihitaji.

Unga ulitungwa kwa ajili ya mtoto

Sasa tuje kwenye unga, kwa sababu hapa suala la jikoni linakuwa suala la sera.

Tanzania ilitunga kanuni za urutubishaji wa vyakula mwaka 2011, na mpango wa kitaifa ukazinduliwa mwaka 2013. Unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani huongezwa madini chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, na mafuta ya kula huongezwa vitamini A. Kenya iliweka ulazima kama huo mwaka 2012. Wazo lenyewe si geni kwetu, kwani chumvi tunayotumia imekuwa ikitiwa madini joto tangu miaka ya 1990 ili kuzuia rovu na matatizo ya ukuaji wa ubongo.

Waliokuwa akilini mwa watunga sera ni mama na mtoto. Asidi ya foliki huzuia sehemu kubwa ya watoto kuzaliwa na mgongo wazi, na inatakiwa iwe mwilini kabla mwanamke hajajua kwamba ana mimba. Ndiyo maana kuiweka kwenye unga kuna maana. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba baada ya unga wa ngano kuongezwa asidi ya foliki, wanawake wenye upungufu wa kirutubishi hicho walipungua kutoka takriban robo hadi takriban mmoja kati ya 20. Hayo ni mafanikio makubwa.

Lakini sufuria ni moja. Ugali anaokula binti wa miaka 22 ndio anaokula bibi wa miaka 75. Nchi nyingine zimehangaika na jambo hilo kwa muda mrefu. Marekani ililazimisha asidi ya foliki kwenye unga mwaka 1998, mikrogramu 140 kwa kila gramu 100, bila kulazimisha B12. Uingereza ilibishana kwa miaka mingi, na mojawapo ya hofu ilikuwa wazee: je, foliki itaficha upungufu wao wa B12? Serikali yake ilitangaza uamuzi wa kuongeza foliki mwaka 2021, kanuni zikatungwa mwaka 2024, na wasagishaji wakapewa hadi Desemba 2026 kutekeleza. Kiasi kinachowekwa kwenye unga ni kidogo kuliko dozi zilizoleta matatizo zamani, na faida kwa watoto ni ya wazi. Hata hivyo, swali la wazee lilikuwa halali.

Kwa hilo, kuweka B12 pamoja na foliki kama sisi tulivyofanya ni uamuzi wa busara. Tena una faida ambayo haisemwi vya kutosha. B12 inayoongezwa kwenye unga haijashikamana na protini, kwa hiyo haihitaji asidi nyingi ya tumbo kuifungua. Mzee ambaye tumbo lake limeshindwa kutoa B12 kwenye nyama, mara nyingi anaweza kuipata ile ya kwenye unga. Nchini Marekani, wataalamu wa lishe walishauri tangu mwaka 1998 kwamba watu wenye zaidi ya miaka 50 wapate sehemu kubwa ya B12 yao kutoka vyakula vilivyoongezwa au vidonge.

Fanya hesabu ndogo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2009 kwamba mahali watu wanapokula gramu 150 hadi 300 za unga kwa siku, kila kilo iongezwe mikrogramu 10 za B12. Mzee anayekula ugali wa gramu 200 za unga wa kiwango hicho anapata mikrogramu 2, karibu mahitaji yote ya siku. Isipokuwa wachache ambao kuta za tumbo haziwezi kabisa kutengeneza kile kinachoshika B12. Hao wanahitaji sindano au vidonge vyenye dozi kubwa, na unga hautawatosha.

Tatizo liko kwenye mashine ya kijijini

Kama unga ni mzuri hivyo, mbona tatizo halijaisha? Kwa sababu bibi hanunui unga wa kiwandani. Anavuna mahindi yake, anayapeleka mashine ya kusaga ya jirani kwa debe, anarudi na unga wake. Mahindi mengi tunayokula nchini hupitia mashine ndogo za namna hiyo, si viwanda vikubwa vyenye mitambo ya kuchanganya virutubishi. Sheria ikasimama Dar es Salaam na mijini, na yule mwenye meno mawili kule kijijini akabaki nje.

Njia zipo. Shirika la Sanku limekuwa likifunga kwenye mashine ndogo za Tanzania kifaa kinachopima na kudondosha virutubishi wakati unga unasagwa. Gharama ya virutubishi hufidiwa kwenye viroba vitupu: shirika linanunua viroba kwa wingi kwa bei nafuu, linawauzia wasagishaji kwa bei waliyoizoea, na tofauti hiyo ndiyo inayolipia. Mpango huo unamfaa anayeuza unga kwa kiroba. Anayesagiwa debe lake na kuondoka nalo bado ni mgumu kumfikia.

Kazi ya kusimamia ubora wa chakula iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu mwaka 2019. Kuweka nembo kwenye kiroba ni hatua ya kwanza. Kupima kama kilichoandikwa kimo kweli, sokoni na si kiwandani tu, ndiko kunakomlinda mlaji.

Asiyehesabiwa hapangiwi

Kuna pengo jingine linalonisumbua zaidi. Utafiti wetu mkubwa wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, ukiwemo wa mwaka 2022, unapoangalia upungufu wa damu unapima watoto wa chini ya miaka 5 na wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mwanamke akifikisha miaka 50 anatoka kwenye jedwali. Bibi wa miaka 68 hayumo.

Tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na hospitalini tunasoma mabango ya kumpisha mzee kwanza apate huduma. Foleni fupi ni heshima, na tunashukuru. Lakini mtoto ana kadi ya kufuatilia lishe yake, mjamzito anayo, mzee hana. Kama hatupimi, Taasisi ya Chakula na Lishe na wizara watapanga kwa kutumia nini? Kuingiza watu wa miaka 60 na kuendelea kwenye tafiti za lishe, hata kwa mikoa michache ya kuanzia, si ombi kubwa. Na sindano ya B12 na kipimo chake vinapaswa kupatikana angalau hospitali ya wilaya, si rufaa peke yake.

Fanya haya wiki hii

Wakati tukisubiri sera, kuna ya kufanya nyumbani.

Mpigie mzee na umuulize alikula nini jana, asubuhi, mchana na jioni. Usimuulize kama anakula vizuri, atakujibu ndiyo ili usihangaike. Uliza pia mara ya mwisho alikula lini samaki, dagaa, yai, maziwa au nyama. Kama jibu ni mwezi uliopita, umeshapata pa kuanzia.

Ukituma unga, tuma ulioongezwa virutubishi na usome kiroba kama B12 imetajwa. Pamoja na unga, tuma dagaa waliosagwa. Mpe hela ya maziwa mtu wa karibu anayeweza kumfikishia kila siku, badala ya kumpa mzee hela yote ambayo ataigawa kwa wajukuu.

Kama ana ganzi, anayumba, amepauka au kumbukumbu imeshuka ghafla, mpeleke hospitali. Nenda na dawa zake zote kwenye mfuko. Omba daktari aangalie picha kamili ya damu, kwa sababu chembe nyekundu zilizokuwa kubwa kupita kawaida ni dalili mojawapo. Uliza moja kwa moja kuhusu B12. Sindano za vitamini za duka la dawa, zinazochomwa bila kipimo kwa kila anayelalamika miguu, zinaweza kuvuruga majibu ya kipimo cha baadaye na kuchelewesha kujua chanzo.

Na ukikaa kwenye kikao cha kijiji au cha wazazi shuleni, uliza mashine mnayosagisha ina kifaa cha virutubishi au haina. Kikiwekwa kwa ajili ya uji wa wanafunzi, wazee wa jirani nao watasagia hapo hapo.